Vitanzi Vingali Hai

Siku ya kumi na moja mvua inagonga vigae vya mbao,
Chonchi yote inanuka kondoo aliyelowa,
nami natafuta sindano namba nne.
Sina. Yaani ninazo, jozi saba, ila zote ziko kazini,
kila jozi imesimama katikati ya neno.

Chini ya benchi: sweta la Rigoberto.
Mgongo tayari, kifua tayari, mkono wa kushoto tayari;
wa kulia ulikomea kwenye kiwiko
alipokwenda Coyhaique kutengeneza barabara.
Akarudi Krismasi na tumbo la mtu mwenye mshahara.
Nilimpima kwa jicho moja,
nikalisukuma sweta kwa kisigino, ndani zaidi,
nikamkaangia viazi.

Nyuma ya redio: shali la bibi Melania Ojeda,
aliyelipa nusu, tena kwa noti mpya.
Tulikubaliana maua ishirini; niko kwenye la saba.
Tukikutana dukani naanza kukohoa,
naye kwa huruma huniletea asali.
Sasa nadaiwa shali, nadaiwa na shukrani.

Ndani ya sufuria iliyotoboka: kofia ya Yanara.
Niliianza hajazaliwa.
Leo ana meno sita, anamfokea paka.
Kofia inamtosha paka.

Glavu moja, ya kijani. Hiyo haina hadithi.
Uvivu nao una rangi yake.

Abelino haniulizi tena.
Zamani alinyanyua kitu kwa vidole viwili, kama panya aliyekufa,
akasema: "Otilia, nyumba hii ina mikono mingi kuliko watu."
Na wanaosema mshika mbili moja humponyoka
waje wanione na saba:
hakuna iliyoponyoka. Zimeketi tu, zinanitazama
kwa macho madogo ya vitanzi.

Kuanza ni kutamu, ndiyo siri yote.
Uzi mpya unanukia moshi
na maganda ya vitunguu yaliyoutia rangi,
haujakosea bado,
haujafika kwapani.
Shida zote za sweta ziko kwapani,
pale unapotakiwa kuamua.

Lakini mfuko wa saba si wangu.
Uliletwa Aprili, baada ya mazishi,
na mpwa wangu, aliyeubeba kana kwamba una mayai:
soksi ya dada yangu Edelmira,
sindano tano ndani yake, kisigino hakijageuzwa.
Edelmira alikaza uzi kama anayemfunga fahali wa jirani.
Mimi hulegeza. Tangu utotoni mama alizijua kazi zetu gizani,
kwa kupapasa tu: hii ya huyu, hii ya yule.

Jana umeme ulikatika.
Nikaitoa soksi, nikasogea karibu na jiko,
nikafuma mzunguko mmoja kama yeye,
meno yameumana, mabega juu kama yeye,
nikinung'unikia bei ya kuni kama yeye.
Asubuhi nikaipeleka dirishani.
Ulionekana. Mzunguko wangu ulikaa juu ya mizunguko yake
kama mtu aliyevaa koti la kuazima.
Sikuufumua. Sikuendelea.
Vitanzi sitini na vinne, vingali hai kwenye sindano.

Basi, namba nne.
Nyuma ya banda iko baiskeli ya Rigoberto,
gurudumu limepinda tangu alipokuwa anajifunza kuendesha.
Nimechomoa spoku mbili, nimezisugua kwa jiwe
hadi ncha zikakubali kupita bila kuchana.
Nina sufu ya buluu, niliyobadilishana na kabichi mbili,
na sijui itakuwa nini.
Moja, mbili, tatu.
Abelino anainua nyusi juu ya kikombe.
Nne, tano, sita.
"Ya nani tena hiyo?"
"Nyamaza, utanipotezea hesabu."